Fundi Nati na Wivu wa Mlezi Mkuu

Nchi ninayoisimulia si hii yetu. Naomba hilo lieleweke mapema, chai ikiwa bado ya moto, maana wapo wasomaji wenye tabia ya kusoma huku wakichungulia dirishani. Nchi hiyo iko mbali. Jina lake silitaji, kwa sababu siku zile lilikuwa mbele ya Kamati ya Majina likitafutiwa jingine. Mambo yenyewe niliyaona kwa macho yangu, kwa kuwa nilikuwa mtunza kanda wa Televisheni ya Taifa kwa miaka ishirini na sita. Naitwa Zuberi Mtengeti. Ni mtu mtiifu, sina makuu.

Televisheni yetu ilikuwa na kipindi kimoja kikubwa, Saa ya Mlezi. Kila siku saa kumi na moja jioni Mlezi Mkuu wa nchi alitushauri namna ya kuishi. Kiliitwa saa, lakini kilichukua saa nne, maana Mlezi hakuwa mchoyo. Sheria ilitaka kila nyumba yenye televisheni iiwashe muda wote ule, na wananchi wa nchi ile walikuwa watiifu. Waliwasha, wakaongeza sauti ili balozi wa mtaa asikie, wakafunga mlango, wakatoka nje. Sheria haikusema kwamba mwenye nyumba naye abaki ndani.

Basi kila jioni barabara zilifurika watu. Wengine walikwenda kutazama mitaro, wengine walisimama tu wakikodolea nguzo za umeme. Polisi waliwahesabu, hesabu ikafika kwa Waziri wa Habari na Furaha, Dakta Lwanzali, naye kila mwezi alimwandikia Mlezi: "Wananchi milioni mbili na nusu wamejitokeza mitaani wakati wa Saa ya Mlezi bila kuitwa na mtu." Humo hamkuwa na neno la uongo hata moja. Kwa kuwa kipindi kilirekodiwa asubuhi, jioni Mlezi alipata nafasi ya kupitisha msafara wake katikati ya umati, akapunga mkono, akarudi Ikulu akiwa ameshiba mapenzi.

Vipindi vingine vilikuwa vimekwisha kufungiwa. Utabiri wa hali ya hewa ulifungiwa kwa kutabiri mvua siku ya gwaride. Mapishi yalifungiwa kwa kutaja nyama. Kipindi cha watoto kilifungiwa kwa sababu watoto wale waliuliza maswali.

Ndipo Mlezi akaugua koo, na daktari akamkataza kuhutubia siku saba.

Mkurugenzi wetu aliniita ofisini akiwa anatoka jasho hadi kwenye tai. "Mzee Zuberi, tuna nini kule stoo?"

"Tuna hotuba za Mlezi elfu saba, bosi."

"Hotuba hazirudiwi, bwana! Unataka nifungwe?"

Kweli, nilikuwa nimesahau. Amri ya Nne ilisema kwamba kinachorudiwa hewani ni kile tu kilichokwisha, na Mlezi si kiporo. Nikamwambia kwamba zaidi ya hotuba tulikuwa na filamu chache za zamani, na kanda saba za Fundi Nati. Zamani zilikuwa kanda mia tatu, ila kanda mpya zilikuwa adimu, na kila tulipohitaji kurekodi Saa ya Mlezi tulichukua moja ya Fundi Nati tukarekodi juu yake. Zile saba zilisalia kwa sababu zilikuwa zimeangukia nyuma ya kabati.

"Basi itakuwa Wiki ya Vito vya Zamani," akasema Mkurugenzi. "Mchana filamu. Saa kumi na moja, huyo fundi wako."

Nilikunja uso. Fundi Nati hakuwa wangu, na sasa itabidi niseme ukweli ambao nimeuficha kwa miaka mingi: nilimchukia.

Fundi Nati alikuwa mhusika wa mchezo wa kuchekesha, na aliyemwigiza ni marehemu Hilali Makwega, aliyefariki miaka kumi na tisa kabla ya wiki ile. Kila mchezo ulikuwa uleule. Mtu anamletea Fundi kitu kibovu, redio, feni au cherehani, naye anakifungua, anakifunga, na mwishoni inabaki nati moja mezani. Anaiokota, anaiinua mbele ya kamera, anaiuliza kwa upole: "Na wewe mwenzangu, ulikuwa unafanya kazi gani humo ndani?" Mchezo unaishia hapo. Ni hayo tu. Watu wazima walikuwa wakijipigapiga magoti kwa nati moja.

Mke wangu Mwanakombo alikuwa mmoja wao. Tulipooana alikuja na sanduku, na ndani ya kifuniko chake alikuwa amebandika picha ya Hilali Makwega aliyoikata gazetini. Miaka thelathini na moja picha ile inanitazama kila ninapotafuta shuka. Mwaka fulani nilimtengenezea redio yake kwa mikono yangu, ikaimba vizuri, wala haikubaki nati. Nilipomwonyesha alisema, "Ahsante, baba Tatu," akaenda kuteka maji. Hilali hakuwahi kumtengenezea kitu chochote.

*

Jumatatu, saa kumi na nusu, Mwanakombo alikuwa amekwisha oga. Akajifunga doti jipya la kanga, akajipaka mafuta, akatandika mkeka mbele ya televisheni. Majirani wakaja, na viti vyao.

"Unakwenda harusini?" nikamuuliza.

"Nyamaza, kinaanza."

Fundi Nati akatokea, mweusi na mweupe, na ile ovaroli yake iliyompwaya. Mke wangu alicheka kabla Fundi hajasema kitu. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, na mchezo ulipokwisha akasema, "Marehemu, jamani!" kwa sauti ambayo mimi, niliye hai na mwenye afya njema, sijawahi kuitiwa. Nikaenda uani nikasimama na ndoo. Niliona wivu, sisemi uongo, na ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sikujua kwamba dakika zilezile kulikuwa na mwanamume mwingine nchini aliyekuwa akiumwa ugonjwa wangu.

Mlezi, koo likiwa limefungwa kitambaa cha sufu, alikuwa ameamua kutoka kidogo apunge mkono. Msafara wake wa magari arobaini, farasi wakitangulia, uliingia Barabara ya Ulezi na kukuta paka wawili. Hapakuwa na mtu kwenye mitaro wala chini ya nguzo. Akapita Barabara ya Shukrani, akakuta mbuzi. Kisha, kutoka nyumba za kulia na kushoto kwa pamoja, kikapasuka kicheko kikubwa hata farasi wa kikosi cha heshima wakageuka kurudi. Mlezi alibaki na mkono hewani. Ilibidi mlinzi wake amshushie taratibu.

*

Jumanne asubuhi Dakta Lwanzali aliitwa Ikulu. Nami niliitwa kwa kuwa ndimi niliyeleta kanda, nikasimamishwa kando ya pazia.

"Watu wangu walikuwa wapi?" akanong'ona Mlezi. Koo lilimruhusu kunong'ona tu.

"Majumbani, Mtukufu. Wanatazama televisheni."

"Na siku ninapokuwa mimi kwenye televisheni, huwa wapi?"

Waziri alikuwa mwanasiasa mzoefu. Alifungua faili, akalifunga. Akasema kwamba wananchi huzidiwa na hisia hata nyumba zikawa ndogo. Mlezi hakuwa mjinga. Alitazama namba za Jumatatu, akatazama namba za miaka ishirini, nikaona anavyoelewa, taratibu, kuanzia kwenye nyusi kushuka chini.

"Nani huyu wanayemtazama?" akauliza. Wakamletea picha ya Hilali Makwega. Akaishika kwa ncha za vidole. "Ana nini? Ana jeshi? Amejenga daraja?"

"Ana nati, Mtukufu," nikasema, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejibu.

"Yuko gereza gani?"

"Amefariki, Mtukufu. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Mlezi akaketi. Nadhani lile ndilo lililomuuma zaidi. Mtu hai angemfunga, angempa ubalozi nchi ya baridi, angemwoza binti yake. Dakta Lwanzali akamfariji kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mlezi akamnong'oneza kwamba huyu hayupo na lake lipo, tena limejaa nchi nzima, na yeye yupo na lake ni paka wawili.

"Naona wivu," akasema. Mawaziri wote wakaandika kwenye madaftari yao kwamba Mlezi anaona wivu. Mimi kando ya pazia niliguswa. Kwa mara ya kwanza nilimpenda kiongozi wangu.

*

Jumatano aliamua kushindana. Koo au si koo, alirekodi mchezo. Walimvika ovaroli iliyoshonwa na fundi wa suti zake, juu ya suruali ya bugaluu, wakamwekea nywele za duara. Mafundi mitambo waliondoa rangi, wakaisugua kanda kwa mchanga ili iwe na mikwaruzo ya miaka arobaini. Meza ikaletwa, redio mbovu ikaletwa. Mlezi akaifungua, akaifunga. Hapo Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ikasimamisha kazi kwa saa mbili, maana haikubaliki kisheria kwamba mkuu wa nchi amebakisha nati. Ikaamuliwa kwamba nati zote zirudi mahali pake. Basi mchezo ulionyesha mtu anayetengeneza redio, redio ikapona, na mtu akatutazama kwa dakika kumi na moja.

Ulirushwa saa kumi na moja jioni. Dakika ya nne mitaa ilikuwa imefurika, hadi wazee wa miguu mibovu walikuwa nje wakitazama nguzo. Hesabu ya polisi ilivunja rekodi, na safari hii Mlezi alijua maana yake.

Alhamisi nikaletewa amri yenye mihuri sita. Kanda zote saba za Fundi Nati zifikishwe Ikulu Jumamosi, zifutwe, na juu yake urekodiwe mchezo wa Mlezi, mara saba. Nakala nyingine za Fundi Nati hazikuwepo duniani. Baada ya Jumamosi ile, Hilali Makwega angekuwa amekufa sawasawa.

Nitakuwa mkweli kwenu: nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Mwanakombo alikuwa anakaanga samaki. Nikamweleza habari yote, nikijitahidi kuweka sura ya msiba. Akaipua sufuria, akajifuta mikono.

"Na wewe umefurahi," akasema.

"Mimi? Mimi nimepewa amri, mke wangu."

"Baba Tatu, umepiga mluzi tangu kwa Bi Arafa. Miaka thelathini na moja nimekaa na wewe, utanificha nini?" Akaniangalia vizuri. "Unamwonea wivu maiti. Yule nilimtazama nusu saa kwa wiki, akanichekesha. Wewe nakutazama asubuhi na jioni, hujanichekesha hata siku moja, na sijakuzima. Hukuliona hilo?"

Nikaanza kupanga sahani.

"Zikifutwa sitalia," akasema. "Umri wa kulilia televisheni umenipita. Lakini humu ndani sitacheka tena, na utajua ni kwa nini." Akarudisha sufuria jikoni, na samaki wangu akamkaanga mpaka akawa mkavu.

Usinitazame vibaya, msomaji. Wivu haukunitoka. Mgala muue na haki yake mpe, wasema wahenga, nami ningali nataka kumuua Mgala. Ila nilimla yule samaki mkavu katika nyumba iliyonyamaza, nikatambua kwamba miaka yote nilikuwa nakula kicheko cha Hilali pamoja na wali.

*

Ijumaa nilikwenda Ikulu na fomu. Katika nchi ile kanda haiwezi kufutwa bila fomu, wala kurudiwa hewani bila fomu. Niliweka mezani mbili: Fomu ya Kito ya Fundi Nati, ili ifutwe kwa kalamu nyekundu, na Fomu ya Kito mpya ya Mlezi Mkuu, ili mchezo wake uingie rasmi katika Vito vya Zamani.

Mlezi alizipanga bega kwa bega. Fomu ya Hilali ilikuwa imejaa mistari yote. Jina. Kazi: kuchekesha. Tarehe ya kuanza. Tarehe ya kumaliza. Fomu ya Mlezi, Dakta Lwanzali alikuwa ameijaza kwa hati ya dhahabu. Jina, mistari mitatu. Kazi: kulea taifa. Tarehe ya kuanza, ipo. Mstari wa mwisho ulikuwa mtupu.

"Mbona yake imejaa," akanong'ona Mlezi, "na yangu ina pengo?"

Walikuwemo mawaziri kumi na wanane. Mmoja alianza kukagua kiatu chake.

"Nakuuliza wewe wa kanda," akasema.

Msomaji, hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema, "Achana nao mstari huo, Mtukufu." Ulimi wangu ulikuwa tayari. Lakini nilimwona jinsi alivyoikazia macho fomu ya Hilali, wino wake uliofifia, tarehe zake mbili, na nikalitambua lile jicho, maana ni langu, ndilo ninalotumia kwenye kifuniko cha sanduku. Nikajibu kwa utiifu.

"Amri yako ya Nne, Mtukufu. Kinachorudiwa ni kilichokwisha. Mchezo wa fomu isiyojaa haurudiwi hewani."

"Na watu walianza lini kumlilia huyu?"

"Tarehe hiyo hapo, Mtukufu. Mstari wa mwisho."

"Kabla ya hapo hawakumlilia?"

"Walimcheka tu, Mtukufu."

Mlezi akaomba kalamu. Dakta Lwanzali akafungua kinywa. Nilimwona vizuri: alifungua kinywa, akakitazama kiti cha Mlezi, kiti cha ngozi chenye mikono ya pembe, akafunga kinywa. Mawaziri wengine wakamwona anavyokitazama, nao wakakitazama, kisha wakatazamana. Kwa wivu waliooneana hapo hapakuwa na mtu aliyebaki na sauti.

"Kama kulia kunaanzia mstari huu," akanong'ona Mlezi, "mimi nataka walie kesho." Akaandika tarehe ya siku ile. Akatia saini, akagonga muhuri mkubwa. "Isomwe kwenye taarifa ya habari ya saa kumi, asije mtu akadai mimi sijajaa. Huyo wa nati mfute baadaye."

Msomaji wa habari aliisoma kama ilivyo, kwa kuwa alilipwa kusoma na si kufikiri. Jina, mistari mitatu. Kazi, kulea taifa. Tarehe ya kumaliza, leo.

Mlezi alikuwa akitazama kwa tabasamu. Msomaji wa habari akaongeza, kama taratibu zilivyotaka, maneno ya Amri ya Kwanza: kwamba alichotia saini Mlezi na kikasomwa katika taarifa ya habari ni sheria, wala hakitenguliwi ila na Mlezi aliyeko kazini. Tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe akiwa ameondoka. Akaagiza tangazo lisahihishwe mara moja. Mkuu wa Itifaki akapiga magoti, akauliza kwa heshima zote kama Mtukufu alikuwa kazini.

*

Jumamosi nilizipeleka kanda zile saba kwenye chumba cha kufutia cha Ikulu, kama nilivyoamriwa. Fundi wa zamu akaomba saini ya Mlezi aliyeko kazini. Hakuwepo. Mawaziri kumi na wanane walikuwa wamejifungia tangu Ijumaa, kila mmoja akimpinga mwenzake, na ilisemekana wameanza kung'atana. Nikazipakia kanda zangu kwenye gunia, nikarudi nazo.

Jumapili ilikuwa siku ya mwisho ya Wiki ya Vito. Saa kumi na moja nilirusha Fundi Nati. Baada yake nilifanya lililo haki. Fomu ya Mlezi ilikuwa imejaa, basi alistahili. Nilichomoa hotuba moja kati ya elfu saba bila kuchagua, nikaikata ibaki nusu saa kama vito vyote, nikamwachia kijana wa zamu mitambo, nikakimbilia nyumbani kuona.

Nyumba ilikuwa imejaa majirani hadi mlangoni. Kwenye televisheni Mlezi alikuwa akilieleza taifa namna ya kuchemsha maji. Alionyesha sufuria. Alionya dhidi ya watu wanaochemsha kwa pupa. Alimtambulisha Waziri wa Moto. Na watu walikuwa hoi. Msisahau kwamba miaka ishirini yote hakuna aliyewahi kukiona kipindi kile. Bi Arafa alikuwa amelala chali. Mwanakombo alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, machozi yakimtiririka, akisema, "Jamani, Mlezi! Jamani, alikuwa na mambo!" kwa sauti ileile, ile ambayo sijawahi kuitiwa. Moyo ukaniuma upya. Sasa walikuwa wawili.

Hapo mtu akaingia. Alikuwa amevaa shati jeupe na makubadhi, ana kitambaa cha sufu shingoni, ametembea kwa miguu katika barabara tupu akifuata vicheko nyumba hadi nyumba. Nilimjua. Wengine hawakumtazama, walikuwa wanamwangalia yule wa kwenye televisheni. Akaja mpaka katikati ya chumba, akasimama mbele ya kioo, akajitazama anavyokoroga maji.

"Wanampenda," akaniambia, sauti ikiwa imerudi kidogo.

"Sana, Mtukufu."

"Sikiliza wanavyocheka. Mimi sijawahi kuchekewa hivi." Shingo ilikuwa imemvimba. "Ana nini huyu ambacho mimi sina?"

Kabla sijafungua kinywa, Mwanakombo akamvuta shati kwa nyuma.

"Samahani, mzee wangu, kaa chini. Unatuziba."

Nikamsogezea nafasi mkekani. Akakaa, magoti juu, bega lake kwenye bega langu, na sote wawili tukamtazama yule bwana kwa wivu.